Sajini Aliyekuja Kunilinda Majini

Baba,

Maji yamepanda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mjukuu wako amekula. Ziwa limemeza gati letu la mbao lote, na sasa wageni wanapandia mtumbwi karibu kabisa na kibanda cha tiketi. Dhoruba iling'oa mafunjo ikayasukuma kama kisiwa kizima mpaka yakaziba mfereji wa kushoto. Tulikata njia nyingine kwa panga. Viboko hawakufurahi, lakini ni lini waliwahi kufurahi?

Nakuandikia kwa Kiswahili, hiki hiki chetu. Mimi Kiteso nilijua salamu tu, na wewe miaka yote uliyokaa Kasese ulikataa kujifunza Lhukonzo, lugha yetu huku, ukisema ulimi wako umeshastaafu. Kiswahili chako kilikuwa cha kambini, cha jeshi. Changu kilikuwa cha shule, cha redio na cha soko la Bwera. Tulikutana katikati, na pale katikati palitutosha. Kaburi lako liko kwenu Teso, safari ya kubadilisha mabasi, na siwezi kwenda kukaa kando yake jioni kama wenzangu wanavyokwenda kukaa na watu wao. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Rukoki? Mama, mke wako, alikuwa amezikwa kule kwenu, na mwanao Okiror, mume wangu, akasema baba yake hawezi kubaki peke yake katika chumba cha kupanga kando ya kambi. Akakuleta na lori, wewe na sanduku lako la bati. Nilikuogopa, Baba. Nalisema sasa kwa kuwa huwezi kunifokea. Kila asubuhi ulikuwa unapiga rangi buti zako mpaka zinang'aa, unazivaa, unafunga kamba, kisha unakaa nazo barazani mpaka jua linazama. Hukuwa na pa kwenda. Nilikuwa nakuletea chai nikipiga magoti kama nilivyofundishwa, nawe unapokea bila kunitazama, kama desturi ya mkwe ilivyo.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nafungua mlango kwenda kazini, sauti ikatoka gizani.

"Wewe nakwenda wapi na hii giza?"

"Kazini, Baba. Naongoza wageni majini kuangalia ndege."

"Ndege inafanya nini?"

"Wanafanya mambo yao tu, Baba."

"Na hao wageni. Iko wanaume?"

"Wapo wanaume, wapo na wanawake."

"Kesho mimi nakwenda."

Nilimpigia simu Okiror. Wakati ule alikuwa anaendesha lori la mizigo kuvuka mpaka wa Bwera kwenda Kongo na kurudi, nyumbani tunamwona kwa nadra. Alikuwa amefika Kinyamaseke, na alicheka mpaka ikabidi asimamishe gari. "Mwache mzee," akasema. "Anadhani analinda mke wa mwanawe. Akichoka atarudi barazani mwenyewe."

Hukuchoka. Siku ile ya kwanza uliingia mtumbwini na koti lako la kijani na buti, ukakaa mbele kabisa, na badala ya kutazama maji ukageuka kutazama wageni. Walikuwa mke na mume, walimu wa Kampala, wameoana juzi juzi. Masikini! Kila yule bwana akiinua darubini macho yako yako juu ya mikono yake. Mwishowe aliniinamia akanong'ona, "Dada, huyu mzee ni polisi?" Nikamwambia ni baba yangu. Akasema, "Basi mwambie nimekuja na mke wangu." Safari nzima hukuona ndege hata mmoja. Uliona watu tu, na jioni ukampigia Okiror kumweleza kwamba hakuna tatizo, lakini utaendelea na lindo.

Ni domokiatu aliyekugeuza. Siku nyingine nilimwonyesha mgeni mmoja yule ndege mkubwa wa kijivu, mdomo wake kama kiatu cha mbao, amesimama kwenye maji ya vifundo bila kutikisa hata unyoya. Tulikaa pale muda mrefu. Mgeni alichoka kupiga picha. Ndege hakusogea. Wewe uligeuza shingo kwanza, halafu mabega, halafu mwili wote, mtumbwi ukayumba nikakutuliza kwa kasia.

"Hii ni askari," ukasema polepole. "Iko lindo."

"Anangoja samaki, Baba. Kambare au kamongo."

"Toka asubuhi amesimama?"

"Anaweza kusimama hivyo muda mrefu sana."

"Nani inakuja kubadilisha yeye?"

Nikakueleza kwamba wakiwa na kiota hukaa kwa zamu, dume na jike. Mmoja akija, mwingine anaondoka kutafuta chakula. Sikufikiria nilichokuwa nasema mpaka nilipoona mgongo wako ukiinama. Mama alikuwa na miezi michache tu kaburini. Tangu siku ile hukuwapa tena ndege mgongo, na wageni nao wakapumua.

Nakumbuka ulivyoanza kuniita Kapteni. Ulisema mwenye kushika kasia ndiye mwenye chombo, na wewe ni sajini tu, kwa hiyo majini mimi ni mkubwa wako. Barazani ulibaki mkwe, mimi napiga magoti, wewe hunitazami. Tukishapanda mtumbwi: "Kapteni, kulia iko mdiria." "Kapteni, hii ingine nyekundu ni nini?" Nikikuambia nyamaza, unanyamaza. Watu wa gatini walikuwa wanashangaa. Hata mama yangu kule Kitswamba alipata habari akanipigia kuuliza kama ni kweli nampa baba mkwe wangu amri. Nikamwambia ni kweli, na anatii.

Na siku ya kiboko! Aliibuka karibu kiasi kwamba tulisikia joto la pumzi yake. Wageni wakasimama wote mara moja, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Wewe ulinguruma, "Kaa chini! Hakuna mutu kusonga!" Wakakaa kama waliokatwa miguu, nami nikapata nafasi ya kuturudisha nyuma. Nchi kavu walikusifu, wakataka kupiga picha na wewe. Ukasimama wima kama kwenye gwaride. Baadaye ukaniomba maji ya kunywa, nikasikia kikombe kinavyogonga meno yako. Sikumwambia mtu. Hata Okiror sijamwambia mpaka leo.

Kisha wakaja watu wa nyumbani. Dada yako mkubwa, Shangazi Akol, pamoja na binamu zako wawili. Walikaa sebuleni, mimi jikoni nasonga ugali, mlango wazi. Shangazi alizungumza Kiswahili makusudi ili nisikie, kile Kiswahili alichokipata alipokuwa anakaa na nyinyi kambini zamani akiuza chapati kwa askari. Alisema shamba la Teso limeota msitu. Alisema mke wa Okiror anasukuma wanaume wa watu majini na nyumba ya ukoo haina moto. Alisema niache kazi niende kule nikalime, na wewe urudi ukakae na watu wako, maana mwanaume hazeekei ugenini. Okiror alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Yeye ni mpole kwa Shangazi, unamjua. Nilimsikia akisema, "Sawa, tutaangalia." Mwiko ukanitoka mkononi.

Ndipo uliposimama. Nilisikia kiti.

"Nyinyi nasema juu ya ile mtumbwi. Nani kati yenu ameingia ndani yake? Mimi naingia kila siku. Mimi nilikwenda kutafuta makosa, na hakuna. Iko kazi. Iko mtoto wa watu anafanya kazi vizuri. Nyinyi mmeona nini?"

Halafu ukashusha sauti, na sikujua kama ulitaka nisikie hili au la.

"Akol, kule nyumbani mimi nitakaa naangalia kaburi ya bibi yangu. Hapa mimi niko na kitu ya kuamkia."

Shangazi aliondoka bila kugusa chai. Alikubeba mgongoni mama yenu alipokufa, na wewe umemkatalia mbele ya watu kwa ajili ya mke wa mwanao. Nilijua hatanisamehe. Lakini kazi yangu ilibaki mikononi mwangu, Baba. Sikuwahi kukushukuru kwa mdomo. Ulijua? Naamini ulijua. Siku ya pili yake nilikupa darubini yangu ushike njia nzima, nikasema macho yangu yanauma.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Miguu ilivimba. Ukawa unapumzika katikati ya baraza na lango. Ulisema ni baridi ya maji, na mimi nikakuvalisha soksi mbili mbili, na bado pumzi ikawa fupi. Hospitalini uliwapanga wagonjwa wenzako kama platuni. Yule mzee wa kitanda cha pembeni aliniambia ulimfundisha sauti ya furukombe mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Asubuhi ile nilikuja na uji. Okiror alikuwa amelala nawe pale usiku kucha, kwenye kiti. Ukauliza, "Leo iko wageni?"

"Wapo, lakini nimeomba mwenzangu awachukue."

"Hapana. Nenda. Wao nataka wewe."

"Siendi, Baba."

"Kapteni, hiyo ni amri."

"Sajini hampi kapteni amri," nikasema. Ukacheka, kikohozi kikaja, tukakuinua mimi na Okiror. Kilipotulia ukanitazama usoni, hapo hapo nchi kavu, bila desturi wala nini.

"Basi ni ombi," ukasema.

Nikaenda.

Niliporudi na wageni, nikaona mtu amesimama gatini juani. Nilimtambua kwa mbali. Okiror haji karibu na maji, anayaogopa tangu utoto, na alikuwa amesimama mwisho kabisa wa mbao, viatu vinalowa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilipiga kasia taratibu, nikahakikisha kila mgeni ameshuka salama, nikafunga kamba. Kisha nikamwendea.

Kule Teso, siku ya maziko, kila mtu alinipa mkono isipokuwa Shangazi. Alikuwa amesikia kwamba siku ile nilikuwa majini. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kitu kwa Kiteso, na wanawake wakageuza nyuso kunitazama. Binti mmoja aliyekuwa akiosha vyombo nami alinitafsiria kwa huruma: "Anauliza yuko wapi yule aliyekuwa anatazama ndege wakati ndugu yake anakufa." Okiror alitaka kusimama amjibu. Nikamshika koti. Ningemwambia nini mtu aliyekulea mgongoni? Niliosha vyombo mpaka giza likaingia, tukapanda gari, tukarudi Kasese.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikae chini kuandika. Wiki hii dada yako amekuja.

Hakupiga simu. Nilitoka kuanika nguo nikamkuta langoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ana kuku kwapani na mfuko wa karanga kichwani. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alipokea salamu yangu, akanipa kuku, akaingia, akauliza chumba chako ni kipi. Akakaa juu ya kitanda chako muda mrefu. Chakula alikula kidogo. Baada ya kula akasema, "Nipeleke."

"Wapi, Shangazi?"

"Kule. Nataka kuona hiyo kitu ilikataza ndugu yangu kurudi nyumbani."

Kwa hiyo jana asubuhi nilimchukua peke yake, bila wageni. Nilimvalisha jaketi la kuelea juu ya gauni lake la gomesi, akalalamika kwamba linambana. Aliingia mtumbwini akishika kingo zote mbili, akakaa chini kabisa.

Na Baba, hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa mzito, milima haionekani, mafunjo yenyewe yalionekana kama moshi. Nilimtafutia domokiatu kila kona, hayupo. Korongo taji tuliwasikia tu, mbali. Yangeyange mmoja alipita. Niliona aibu, kama mtu aliyekaribisha mgeni akakuta sufuria tupu. Nikaanza kumweleza kwamba siku nyingine huwa kuna hivi na vile, akanyoosha mkono ninyamaze.

"Ile siku," akasema. "Wewe ulikuwa hapa?"

"Hapa, Shangazi. Pale mbele, mafunjo yanapokunja kona."

"Peleka mimi pale."

Nikapiga kasia mpaka pale, nikasimamisha.

"Na uliona nini?"

Baba, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Hata Okiror. Nami sikuwahi kulisema, maana mtu wa kumwambia ulikuwa wewe. Basi nilimwambia yeye, na sasa nakuambia.

Niliona nzohe. Yule swala wa kinamasi ambaye siku zote tulisikia tu maji yakichuruzika nyuma yake, tukifika tunakuta majani yanatikisika. Siku ile alitoka mwenyewe mpaka mahali peupe, jike, manyoya yamelowa, kwato ndefu zimetanuka juu ya matope asizame. Nyuma yake akaja mtoto. Mdogo sana, Baba, bado hajajua kupanga miguu, anaikwaa mwenyewe. Mama alisimama akamngoja. Wageni hawakuinua hata kamera. Mtoto alifika, akaingiza pua chini ya tumbo la mama yake, akanyonya, na mama akatutazama sisi moja kwa moja kana kwamba anasema mnaweza kukaa, ila msiongee. Nami pale kwenye kasia nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayokuambia hospitalini. Nilikuwa nimefika kwenye kwato. Nilikuwa nafikiria nitakuonyesha kwa vidole vyangu jinsi zinavyotanuka, nawe utakataa kuamini.

Nikamaliza kusema. Shangazi alikuwa ametazama kona ile ya mafunjo, ingawa ukungu umeifunika yote.

"Yeye alikutuma?" akauliza.

"Alinituma."

"Kwa amri?"

"Alianza kwa amri, nikakataa. Ndipo akaniomba."

Alinigeukia. Uso wake ni wako, Baba, sijui kwa nini sikuwahi kuuona vizuri.

"Aliomba?"

"Aliomba, Shangazi."

"Ile mtoto," akasema, "toka nimebeba yeye, haijaomba mutu kitu."

Kisha akalia. Hakulia vile alivyolia kwenye maziko mbele ya watu. Aliinama, akaweka kichwa juu ya magoti, akakuita kwa jina la utotoni ambalo mimi sikulijua na sitaliandika hapa kwa kuwa si langu. Sauti ilikwenda juu ya maji, na ndani ya mafunjo ndege tusiowaona wakaruka, wengi, tukasikia mabawa tu. Nikaweka kasia chini. Mtumbwi ukajiendea. Nilisogea mpaka nikawa karibu yake, nikaweka mkono mgongoni kwake, naye hakuuondoa. Nami nililia pale kwa mara ya kwanza tangu nifunge ile kamba.

Tuliporudi, Okiror alikuwa amekuja kutuchukua. Alimpa Shangazi mkono kumshusha, akasimama majini mpaka magotini bila kujua amesimama majini. Okiror ameacha safari za Kongo, sikukuambia. Anabeba mchanga na matofali hapa hapa Kasese, na kila jioni yuko nyumbani. Anasema amechoka kupata habari za watu wake kwa simu.

Shangazi alikunywa chai, vikombe viwili. Akamwambia Amo, mjukuu wako, habari za wewe ulivyokuwa ukiibiwa viazi na nyani. Kisha, akiwa anajifunika kulala katika chumba chako, akaniita.

"Kesho tunatoka saa ngapi?"

"Mapema, Shangazi. Lakini leo hukuona kitu."

"Ndiyo sababu nauliza," akasema.

Leo tumetoka tena, na ukungu haukuwepo. Sasa ni mchana, mvua inanyesha, naye Shangazi yuko jikoni anachoma karanga na kumwambia Amo asiziguse. Ameniita mara mbili. Tumekubaliana atakaa nasi mpaka mvua ziishe, na wakati wa mavuno tutampeleka Teso mimi na Okiror pamoja. Nitapalilia kaburi lako na la Mama, na kuta za nyumba ya Shangazi tutazikandika upya. Nitafanya hivyo kila mwaka, hata mikono ikizeeka. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba yangu. Usihangaike na Akol. Nitamtunza majini na nchi kavu, mpaka siku atakapokuja mwenyewe kukaa kando yako.

Mkwe wako,
Masika